Maswali ya Wasomaji: Sarufi na Bei ya Uhariri

SWALI: Ndugu Mhariri, nimemaliza mswada wa riwaya yangu ya kwanza. Mhariri niliyempelekea kurasa kumi za mfano alizirudisha zikiwa zimejaa masahihisho, na bei aliyoitaja kwa mswada mzima imenizidi uwezo. Anasema hadithi ni nzuri, ila sarufi ndiyo itakayomchukulia muda. Je, ninaweza kuirekebisha mwenyewe kiasi cha kuipunguza bei hiyo, au nimechelewa?

JIBU: Hujachelewa, na kurasa hizo kumi zilizokukatisha tamaa ndizo za kuanzia. Hata mhariri anayetoza kwa neno au kwa ukurasa hukadiria kwanza saa atakazotumia, na ndiyo maana huomba mfano kabla ya kutaja bei. Mswada unaohitaji kusomwa prufu tu, yaani kuondolewa makosa madogo ya mwisho, haulipiwi sawa na mswada ambao kila sentensi ya pili lazima isukwe upya. Kwa hiyo usikimbilie kitabu cha sarufi na kukisoma kuanzia ukurasa wa kwanza. Yapange masahihisho uliyopewa kwa aina zake, nawe utaona kwamba makosa yaliyoonekana kuwa mia ni manne au matano yaliyorudiwa.

Ninalokutana nalo mara nyingi zaidi ni kurundika virejeshi, yaani viambishi vinavyoirejelea nomino iliyotajwa, kama katika "watu ambao waliokuja jana". Amba- na kirejeshi kilichomo ndani ya kitenzi (hapa -o- ya "waliokuja") hufanya kazi moja, kwa hiyo andika "watu ambao walikuja" au "watu waliokuja". Mimi hupendelea la pili, hasa kwa mwandishi anayetozwa kwa neno, kwa kuwa hata maneno ya ziada huyalipia. Kosa hili lina nafuu moja: linatafutika. Iagize kompyuta itafute "amba" katika mswada wote, usimame kila inapotokea, ukitazame kitenzi kinachofuata.

Upatanisho wa kisarufi, yaani kitenzi kukubaliana na nomino yake, unadai uvumilivu zaidi, na hapa ndipo ningekuomba utumie sehemu kubwa ya muda wako. Katika sentensi fupi wengi hawakosei, lakini nomino kuu ikitenganishwa na kitenzi chake, kitenzi huvutwa na nomino iliyo karibu. "Maamuzi ya kamati ya wazazi walichelewa kutangazwa" hupita sikioni bila kikwazo kwa sababu sikio limebaki na wazazi, ilhali yaliyochelewa ni maamuzi. Katika kila sentensi inayozidi mstari mmoja na nusu, pigia mstari nomino kuu na kitenzi chake, kisha visome hivyo viwili tu, "maamuzi walichelewa", na kosa litajitokeza lenyewe. Ukikuta sentensi ambayo huioni nomino yake kuu, ikate iwe mbili. Hata mhariri angefanya hivyo, tena kwa malipo. Ukiwa na shaka kuhusu ngeli, fungua kamusi, kwa maana kamusi nzuri huionyesha kando ya nomino, na humo utaona pia kwamba wingi wa saa katika Kiswahili sanifu ni saa, wala si "masaa".

Katika tahajia, usiiachie programu kazi yote. Aliyeandika "tulifika mahari pazuri" ameandika neno lililomo katika kamusi, kwa hiyo programu inayokagua neno mojamoja itanyamaza. Ndivyo ilivyo kwa kalamu na karamu, fahali na fahari, thamani na samani. Makosa haya hutoka katika matamshi, nayo hayana uhusiano wowote na akili ya mwandishi; andika orodha ya jozi zinazokusumbua wewe, uzitafute moja baada ya nyingine. Tafuta pia "kwasababu" na "kwahiyo", ambayo kila moja ni maneno mawili, na "isipo kuwa", ambalo ni neno moja.

Ukimaliza, mpelekee mhariri yuleyule kurasa nyingine kumi kutoka katikati ya mswada, si zile alizokwisha kuzisahihisha, umwombe akadirie upya.

SWALI: Nikiisafisha sarufi yote, je, bado nitamhitaji mhariri?

JIBU: Utamhitaji. Jicho lililoandika husoma lilichokusudia kuandika, na hata mimi maandishi yangu husomwa na mwenzangu kabla hayajachapishwa. Zaidi ya hayo, sarufi safi haiwezi kukuonyesha kwamba mhusika aliyezikwa katika sura ya tatu anasalimiana na watu katika sura ya tisa, au kwamba msomaji ameshindwa kujua nani anazungumza na nani. Mhariri asiyelazimika kusimama katika kila kitenzi atapata nafasi ya kuyaona hayo, na ningefurahi fedha zako ziende huko.