Goti la mtoto limevimba: na macho yapimwe

SWALI: Shikamoo daktari. Binti yangu ana miaka minne. Goti la kushoto limevimba, sasa mwezi wa pili. Akiamka anachechemea, ikifika saa nne anacheza na wenzake. Halii, hana homa, hakuanguka. Selimundu hana. Mama mkwe anasema ni baridi yabisi. Majirani wanasema huo ni ugonjwa wa wazee.
Mama Rehema, Tanga

JIBU: Marahaba, Mama Rehema. Mama mkwe huenda amepatia. Watoto nao hupata baridi yabisi: kinga ya mwili hushambulia utando wa ndani ya kiungo, ukavimba na kujaza maji. Huitwa hivyo uvimbe ukianza kabla ya miaka 16, ukadumu wiki 6 au zaidi, na sababu nyingine zikakosekana. Sababu hizo zitafutwe kwa makini. Kifua kikuu nacho huingia goti moja polepole, kwa hiyo mwambie daktari kama nyumbani kuna anayekohoa au aliyewahi kumeza dawa za TB. Picha nzima ya damu nayo ifanywe, maana saratani ya damu huweza kuanza kwa maumivu ya miguu. Kipimo cha damu cha RF, kinachotafuta kingamwili ya baridi yabisi, kikitoka hasi kisikutulize. Wengi wa watoto hawa hawana kingamwili hiyo.

Kutolia si dalili ya nafuu. Mtoto wa umri huo hasemi anaumwa. Huomba kubebwa asubuhi au hukataa kuchuchumaa chooni.

Kinachotutia hofu zaidi ni macho. Binti mdogo mwenye viungo vichache vilivyovimba anaweza kuvimba ndani ya jicho bila wekundu wala maumivu, hadi uoni upungue. Tochi haioni hilo. Ugonjwa ukithibitishwa, daktari wa macho ampime kwa darubini yake mapema, kisha arudie kila miezi 3, hasa kipimo cha damu cha ANA (kingamwili zinazolenga seli za mwili wenyewe) kikiwa chanya.

Ibuprofeni akiandikiwa, kawaida ni 10 mg kwa kilo, mara 3 kwa siku, ameshakula. Mwenye kilo 15, kwa dawa ya maji ya 100 mg katika 5 ml, ni 7.5 ml. Usiku usimwekee mto chini ya goti: litazoea kukunjika, kulinyoosha baadaye ni kazi.

SWALI: Mwanangu wa miaka 9 ameandikiwa methotreksati kwa ugonjwa huohuo. Pakiti imeandikwa "mara moja" tu. Ni kila siku?
Baba Juma, Mombasa

JIBU: Hapana, Baba Juma. Ni mara moja kwa WIKI. Ikimezwa kila siku, mdomo hutoka vidonda, uboho hushindwa kutengeneza damu, na mtoto anaweza kufa. Kama umeshampa siku mbili mfululizo, acha, umpeleke hospitali leo hii na pakiti mkononi, hata akionekana mzima. Kama bado, chagueni siku, tuseme Ijumaa, uizungushie duara kwenye kalenda. Soma na nguvu ya kidonge: kuna vya 2.5 mg na vya 10 mg.