Ukipunguzwa Kazi, Usisubiri Langoni

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniandikia kwamba kiwanda anachofanyia kazi kimebandika tangazo la kusimamisha uzalishaji "kwa muda", akaniuliza kama asubiri au aondoke. Maneno hayo hayo tulibandikiwa sisi mwaka 1994, na lango letu halijafunguliwa hadi leo.

Niliajiriwa mwaka 1981 katika idara ya ufumaji ya kiwanda kimoja cha nguo cha Kanda ya Ziwa. Viwanda vya namna hiyo, kama Urafiki wa Ubungo, Dar es Salaam, uliofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, vilikuwa fahari ya nchi, na mfumaji aliyepita mtaani na vumbi la pamba kwenye nywele alisalimiwa kwa heshima. Mashine zilipiga kelele kiasi kwamba tulizungumza kwa mikono: kugonga mfuko wa shati mara mbili kulimaanisha msimamizi anakuja, maana yeye peke yake ndiye aliyetembea na kalamu. Uzi wa mtande, yaani ule unaokwenda kwa urefu wa kitambaa, ukikatika, ulipaswa kuutafuta miongoni mwa maelfu, kuufunga fundo dogo lisiloonekana kwenye kitambaa, kisha kuiwasha mashine upya. Fundo hilo nililifunga nikiwa nimefumba macho, wala sioni haya kujisifu.

Baada ya Vita vya Kagera fedha za kigeni ziliadimika, na vipuri na rangi vikaadimika pia, hata tukawa tunang'oa kifaa kwenye mashine moja ili nyingine itembee. Biashara ilipolegezwa kuanzia mwaka 1984, vitambaa vya nje na mitumba vilitukuta katika hali hiyo. Wapo wanaosema tulianguka kwa uvivu. Neno hilo linaniuma mpaka sasa.

Kosa langu lilikuja baadaye. Kiinua mgongo nilichopata nilikinunulia redio na baiskeli, nikaenda kukaa chini ya mwembe ulio mbele ya lango, tukicheza bao na kupokezana uvumi wa mwekezaji. Miaka mitatu! Nyumba ililishwa na mke wangu kwa kukaanga mapanki, yaani mabaki ya sangara waliokwisha kutolewa minofu. Siku moja nilimsindikiza mwaloni, ufukweni wanakoshushia samaki, nikamwona mtu anashona wavu kwa mafundo yasiyolingana, nikamwomba nijaribu. Jioni alinilipa, na wavu wa pili ukaletwa kesho yake. Nyavu hizo ndizo zilizosomesha wanangu wanne.

Kwa hiyo, mdogo wangu, usisubiri. Tunza barua ya ajira na hati zote za mshahara, kwa sababu wenzangu waliozipoteza walihangaika sana kudai mafao. Kiinua mgongo kisiguswe kwa mambo ya kujionyesha. Tazama mikono yako inajua nini, kisha utafute nani nje ya ukuta huo anauhitaji ujuzi huo, hata kama kazi yenyewe inanuka samaki. Na narudia: usisubiri, kwani anayekuahidi kesho ana mshahara wake leo.

Mwezi uliopita tulikwenda kukiona kiwanda, wazee kumi na mmoja. Mashine ziliuzwa zamani kama chuma chakavu, na popo wamejaa darini. Tulipokuwa tumetawanyika ndani, mwenzangu mmoja aliyesimama upande wa pili wa ukumbi alinikazia macho, akagonga mfuko wa shati mara mbili. Nikageuka. Mlinzi alikuwa anakuja kututoa.