Tani 15 zilivyotulowesha: ushauri kwa anayetaka kiyoyozi cha pakeji

Maboksi ya dawa ndiyo yaliyonishtua. Mpangaji wetu wa chini, mwenye duka la dawa, aliniita asubuhi moja ya mwezi wa pili akanipa kasha la vidonge nilishike. Lilikuwa laini kama mkate uliochovywa kwenye chai. "Kaka, humu ndani kuna baridi lakini kila kitu kinaloa," akaniambia. Nikatazama juu. Dari ya jipsamu ilikuwa na madoa meusi ya ukungu kuzunguka kila tundu la hewa. Na kiyoyozi kilikuwa kipya, hakijamaliza hata miezi mitatu.

Jengo lenyewe ni la familia, la ghorofa moja, liko Msasani, Dar es Salaam, upepo wa bahari unalifikia bila kizuizi. Chini kuna ukumbi wa mita za mraba 180 tulioukata kwa vioo: duka la dawa, duka la vifaa vya ofisi na kaunta ya wakala wa benki. Nilikuwa nimechoshwa na spliti nane ukutani, kila moja ikidondosha maji yake kwa wapita njia, nikaamua kuweka pakeji moja. Kwa asiyeijua, pakeji ni kiyoyozi ambacho kompresa (pampu inayosukuma gesi), koili ya joto, koili ya baridi na feni zake vyote vimo ndani ya kabati moja la chuma, linalokaa juu ya paa au nje kando ya ukuta. Kinachoingia ndani ya jengo ni dakti mbili tu, yaani njia za kupitishia hewa: moja inaleta hewa baridi, nyingine inairudisha iliyokwisha kupata joto. Hakuna mabomba ya gesi yanayotambaa ukutani, na fundi anatengeneza akiwa nje bila kumwondoa mteja kwenye foleni. Uamuzi huo sijaujutia. Nilichokijutia ni ukubwa.

Fundi wa kampuni iliyotuuzia alipima sakafu kwa hatua, akazidisha kwa BTU 600 (BTU ni kipimo cha joto) kila mita ya mraba, akapata 108,000. Tani moja ya ubaridi ni BTU 12,000 kwa saa, kwa hiyo hizo ni tani 9. Hakuishia hapo. "Bosi, joto la Dar unalijua mwenyewe. Tupige 15 tumalize kazi." Nikakubali, kwa sababu niliamini kinachozidi hakidhuru.

Kinadhuru, na sisi wa pwani kinatudhuru kuliko mtu wa Arusha au Nairobi. Kiyoyozi kina kazi mbili: kushusha joto na kukausha hewa. Ya kwanza inafanyika upesi. Ya pili inataka muda, maana hewa lazima ipite na kupita tena kwenye koili baridi, unyevu ugeuke matone, matone yatiririke mpaka kwenye sinia ya chini na kutoka nje. Mashine ya tani 15 kwenye ukumbi unaohitaji nusu yake inafikisha nyuzi 24 kwa dakika chache, thamostati, kidude kinachopima joto la chumba, inaikata kompresa, na koili imebaki na maji yake. Feni inaendelea kuzunguka na kuyapuliza maji yale yale kurudi dukani. Nilikaa na saa mkononi alasiri moja: iliwaka na kuzima mara 7 ndani ya saa moja. Kipimo cha unyevu nilichokinunua kilisoma asilimia 78. Wafanyakazi walipohisi ule ubichi mwilini wakadhani baridi haitoshi, wakashusha thamostati hadi 20, na kuta zikazidi kutoa jasho.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, ambao ningependa ubaki nao hata ukisahau mengine yote: usikubali ukubwa uliopatikana kwa kuzidisha mita za sakafu. Mlipe mhandisi wa mitambo asiyeuza mashine akufanyie hesabu ya joto la jengo lako, na akukabidhi kwa maandishi. Ada niliyolipa safari ya pili ilikuwa ndogo sana ukiilinganisha na hasara ya safari ya kwanza.

Hesabu yenyewe ilinifungua macho. Vioo vyetu vinavyotazama magharibi, mita za mraba 15 tu, vilikuwa vinaingiza kilowati 6 jua la saa kumi. Hewa safi kutoka nje kwa ajili ya watu 20, ambayo lazima iingie ili wapumue vizuri, ilibeba kilowati 6.7, na sehemu kubwa ya hizo ni unyevu, si joto. Watu wenyewe walitoa kilowati 2.6. Kompyuta, friji za dawa na printa 2.7, taa 1.8, kuta na dari 3, na mlango unaofunguliwa kila dakika, kilowati 3 nyingine. Jumla ikawa kilowati 25.8. Gawanya kwa 3.517, ambayo ndiyo tani moja kwa kilowati, unapata tani 7.3. Tulikuwa tumenunua maradufu yake.

Tazama pia kinachoonekana ndani ya hesabu hiyo. Vioo vya magharibi peke yake ni karibu tani mbili. Tulipoweka kivuli cha nje, mabati yenye fremu yaliyotokeza mita moja na nusu, pamoja na mapazia ya mianzi, mzigo ule ulipungua na gharama yake haikukaribia bei ya tani moja ya mashine. Kivuli hakili umeme wa LUKU. Kabla ya kuomba profoma yoyote, zunguka jengo lako saa kumi alasiri uone jua linaingilia wapi. Kama paa lako ni bati tupu bila dari yenye kizuia joto, anzia hapo.

Mara ya pili tulichukua tani 7.5, na nikasisitiza iwe na kompresa mbili, kila moja na mzunguko wake wa gesi. Asubuhi jengo likiwa tulivu inafanya kazi moja, mchana zote mbili. Ikifa moja, wapangaji wanapata nusu ya ubaridi wakati tunatafuta fundi, na hilo kwa mwenye dawa zilizoandikwa "hifadhi chini ya nyuzi 30" si jambo dogo. Zipo pia za inveta, ambazo kompresa inapunguza mwendo badala ya kukata, na kwa unyevu wetu zinafaa sana. Sikuichukua kwa sababu moja: bodi yake ya umeme ikiungua, nilikuwa siwezi kuipata hapa mjini kwa siku moja. Uliza swali hilo kwa kila mashine unayoonyeshwa. Muuzaji akuonyeshe kwa macho kontakta (swichi kubwa inayowasha kompresa), mota ya feni na bodi vikiwa kwenye rafu yake. Mijusi huingia kwenye kabati kutafuta joto wakakaukia kwenye bodi na kontakta, kwa hiyo siku ya kuhitaji spea hizo itafika tu.

Kuhusu umeme. Kwenye karatasi ya kiwanda kuna namba inayoitwa EER, yaani unapata BTU ngapi kwa kila wati moja ya umeme. Mashine ya tani 7.5 yenye EER ya 9 inakula kilowati 10. Yenye EER ya 11 inakula kilowati 8.2. Tofauti ya kilowati 1.8 inaonekana ndogo dukani, lakini kwa saa 10 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, kompresa zikiwa kazini muda wote, ni karibu yuniti 470 kila mwezi. Zidisha kwa bei unayolipia yuniti halafu ndipo uilinganishe ile mashine "ya bei nafuu".

Hapa kuna mtego ninaowaonya watu kila mara. Makontena ya mitumba yanaleta pakeji zilizovuliwa kwenye majengo ya Marekani, na bei yake inavutia. Umeme wa kule ni hezi 60, wetu ni 50. Mota iliyotengenezwa kwa 60 ikipewa 50 inazunguka kwa sehemu tano kati ya sita za mwendo wake, na ubaridi unapungua. Nyingi ni za fezi tatu za volti 208 au 230, wakati fezi tatu zetu ni volti 400. Ukizichomeka zitaungua. Soma kibao cha mashine mwenyewe, usisomewe. Unatafuta 380–415V, fezi 3, hezi 50. Na kabla hujalipa, hakikisha jengo lako lina fezi tatu kweli na waya wa kutosha kutoka kwenye mita. Kompresa ya kawaida inapowaka huvuta mkondo mara 5 hadi 7 ya ule wa kawaida, na jenereta ndogo inaweza kuzimika papo hapo. Funga rilei ya kulinda fezi. Fezi moja ikikatika, au zikigeuzwa mpangilio baada ya matengenezo barabarani, rilei inazima mashine kabla kompresa haijazunguka kinyumenyume na kujiua.

Gesi nayo itazame. Ukionyeshwa mashine inayotumia gesi ya R22, iache hata kama ni mpya. Nchi zetu zinaiondoa gesi hiyo kwa Mkataba wa Montreal wa 1987, ule wa kulinda tabaka la ozoni, na 2030 ndio mwaka wa kuimaliza, ukiacha kiasi kidogo cha kukarabatia mashine za zamani. Makubaliano ya Kigali ya 2016 yanazibana pia gesi kama R410A, lakini hiyo bado utahudumiwa kwa miaka mingi. R32 ina madhara madogo zaidi kwa hali ya hewa, ila inaweza kushika moto kidogo, kwa hiyo fundi wake awe ameizoea.

Chumvi ndiyo adui wa jengo lililo karibu na bahari, na wauzaji wengi hawaitaji mpaka uwaulize. Mapezi ya koili ya nje ni aluminiamu nyembamba iliyobanwa kwenye bomba za shaba. Metali hizo mbili zikikutana na hewa ya chumvi, aluminiamu inaliwa mpaka inabaki unga mweupe. Nimeishika kwa vidole vyangu koili ya jirani yangu yenye miaka minne, ikamong'onyoka. Agiza koili iliyopakwa rangi ya kinga kiwandani, skrubu za chuma kisichoshika kutu, na waoshaji wapite na maji matamu, si ya kisima cha chumvi, kila mwezi. Kwa Dodoma au Morogoro hilo la chumvi lipite. Vumbi la kwenye filta litakusumbua zaidi.

Mahali pa kuiweka: tani 7.5 za ubaridi si tani za uzito, lakini yetu ina kilo 400 na ushee, na paa la bati haliibebi. Tuliiweka chini, kwenye jukwaa la zege lenye kimo cha goti, upande usiotazama dirisha la jirani. Dakti iliyo nje ivikwe kizuia joto kinene na kifunikwe, maana hewa ya ndani yake ina nyuzi 13 hivi, na hewa yetu ya nje inaanza kutoa umande ikigusa kitu chochote cha nyuzi 24. Pengo dogo tu kwenye kizuia joto linakuwa bomba la maji. Na bomba la kutolea maji ya koili lazima liwe na kona ya U kama ile ya chini ya sinki. Feni inavuta hewa kwa nguvu kupitia pale, na bila kona hiyo maji hayatoki, yanajaa sinia mpaka yamwagike ndani ya dakti. Safari ya kwanza mafundi hawakuiweka, na sehemu ya ule ukungu darini ilitokana na hilo.

Ile ya tani 15 tuliiuza kwa mwenye ukumbi wa sherehe, ambako watu mia mbili wakicheza wanaihitaji kweli. Tulipoteza karibu theluthi ya bei.

Siku ya kukabidhiwa usitie sahihi kwa kuhisi ubaridi usoni. Acha mashine iende saa mbili, milango ikiwa imefungwa. Pima hewa inayotoka na inayorudi, tofauti iwe nyuzi 8 hadi 11. Pima mkondo wa kila fezi ulinganishe na kibao. Mwaga ndoo ya maji kwenye sinia uone yanatoka nje yote. Pima unyevu. Kisha bakisha asilimia 10 ya malipo mpaka upite mwezi mmoja wa joto kali, na jambo hilo liandikwe kwenye mkataba kabla hujatoa shilingi ya kwanza. Sisi tuliibakisha mpaka mwisho wa Machi. Mchana niliokwenda kuimalizia, kipimo kwenye ukuta wa duka la dawa kilisoma nyuzi 24 na unyevu asilimia 57, na kompresa ilikuwa imekwenda dakika 50 bila kukata.