Nani afundishe upasuaji wa mtoto wa jicho kwenye simuleta?

Kituo kikipata simuleta ya uhalisia pepe, yaani mashine ya kuigizia upasuaji bila mgonjwa, kawaida kazi ya kufundisha hupewa daktari bingwa mwenye mkono mwepesi kuliko wote. Tunashauri msianzie hapo. Aliyekwisha pasua maelfu ya macho hufanya hatua nyingi bila kuzifikiri, na jambo asilolifikiri ni vigumu kulieleza. Isitoshe, akiitwa chumba cha upasuaji, mwanagenzi hubaki peke yake na mashine.

Tazameni hatua ya handaki, yaani njia inayochongwa kwenye ukuta wa jicho ili lenzi itolewe, katika upasuaji wa tundu dogo usiotumia mashine. Mkato wa nje huwa na upana wa milimita 6 hadi 7, milimita 1.5 hadi 2 nyuma ya ukingo wa konea (kioo cha mbele cha jicho), na kina cha nusu ya unene wa sklera (sehemu nyeupe ya jicho). Kisha kisu cha hilali, chenye ncha ya mviringo, hupita kati ya tabaka hadi milimita 1 au 1.5 ndani ya konea. Kikionekana waziwazi kupitia tabaka la juu, kimepanda juu mno na paa la handaki litatoboka. Kikipotea kabisa, kimezama: kitaingia mapema chumba cha mbele (nafasi iliyo nyuma ya konea), airisi, ile duara yenye rangi, itachomoza na jeraha halitajifunga lenyewe. Kosa hili hutokea hasa ukingoni, kwa sababu konea imebinuka kuliko sklera. Mkufunzi anayesema "taratibu, taratibu" hajasaidia kitu. Anayefaa husema: "Shusha kisigino cha kisu, inua ncha."

Maneno hayo anaweza kuyasema muuguzi wa macho au mtaalamu wa optometria aliyeandaliwa vizuri. Kenya na Tanzania wapo pia wapasuaji wa mtoto wa jicho wasio madaktari bingwa. Tungewafikiria mapema sana. Wazo lenyewe la kufundishia kwenye simuleta lina asili katika urubani: Al Ueltschi, mmoja wa waanzilishi wa HelpMeSee, shirika linalofundisha upasuaji huu kwa simuleta, ndiye aliyeanzisha FlightSafety International, kampuni ya kufundisha marubani, mwaka 1951.

Masharti yasilegezwe. Mkufunzi afaulu kwanza mtihani uleule wa mwanagenzi. Wakufunzi wawili wapime rekodi moja kila mtu kivyake, kisha wajadili walipotofautiana. Fomu ya Sim-OSSCAR, ya kupima upasuaji wa macho wa kuigiza, yenye jumla ya alama 40, inafaa kwa hilo. Mkufunzi asimamie wanagenzi wawili tu kwa wakati mmoja, na aangalie mikono yao kabla ya skrini, maana mwanagenzi hujifunza upesi kuifurahisha mashine huku kifundo cha mkono kikielea bila egemeo.

Bingwa anahitajika sana penye maamuzi: ukuta wa nyuma wa kifuko cha lenzi umepasuka, ute unaojaza jicho umetokeza, je, uendelee kuvuta mabaki ya lenzi au usimame? Hapo asiyewahi kukutana na jicho hai asifundishe. Ni bingwa huyohuyo anayepaswa kuketi kando ya mwanagenzi kwenye handaki lake la kwanza kwa mgonjwa, akiwa amesoma alama zake za simuleta na anajua ni wapi kisu chake huwa kinazama.