Ruzuku ndogo kwa sanaa ya mtaani: mambo ya kujua kabla hujaandika ombi

Kwanza tuelewane kuhusu hela yenyewe, maana vijana wengi wanaoniuliza habari za ruzuku wanachanganya vitu viwili. Ruzuku hairudishwi, mkopo una marejesho. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ni mikopo. Haina riba, lakini inadaiwa. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania nao unakopesha. Yote miwili ni msaada mkubwa kwa mwenye kazi inayouzika: anayetengeneza batiki, anayeuza michoro, mwenye studio inayolipisha. Mchoro kwenye ukuta wa zahanati hauuzi kitu. Mafunzo ya ngoma kwa watoto wa mtaa hayaingizi hela ya kurejesha kila mwezi. Kazi za namna hiyo ndizo zinazohitaji ruzuku, na ukizikopea utaanza kuwatoza watoto kiingilio.

Wakongwe wanaukumbuka Mfuko wa Utamaduni Tanzania ulioanza 1998 kwa msaada wa Sweden, uliokuwa ukitoa ruzuku kwa vikundi vya sanaa. Siku hizi fedha ndogo ndogo hutoka kwenye balozi, vituo vya utamaduni vya nchi za nje na mashirika ya sanaa, na mwito wake hutangazwa kwa muda mfupi halafu unafungwa. Ukikaa nyumbani hutausikia. Nenda kwenye maonyesho na midahalo pale Nafasi Art Space, Mikocheni, ambapo wasanii wamekuwa wakikutana tangu 2008. Pita Goethe-Institut na Alliance Française, vituo vya utamaduni vya Ujerumani na Ufaransa, soma mbao zao za matangazo, zungumza na waliowahi kupata.

Nimeendesha miradi mitaani hapa Dar es Salaam kwa fedha za aina hii, na nimekaa pia upande wa wanaosoma maombi. Kinachoangusha maombi mengi ni ukubwa. Mtu anaomba milioni tatu, anaandika kwamba atawawezesha vijana wote wa Temeke kupitia sanaa. Temeke yote, kwa milioni tatu! Msomaji anajua haiwezekani, na kuanzia hapo haamini tena chochote kilichomo. Kati ya maombi niliyowahi kuyasoma, mojawapo lililopita bila ubishi lilikuwa la sarakasi: kila Jumamosi asubuhi, kwenye uwanja wa shule moja ya msingi, mwalimu mmoja na msaidizi wake, magodoro matano, chai na maandazi, na mwisho onyesho moja mbele ya wazazi. Kurasa mbili tu. Kila aliyelisoma aliona hadi uwanja wenyewe, akaona na hela inavyotosha. Mradi wako uwe saizi ya mtaa wako na saizi ya fungu lililotangazwa. Ukishafika hapo, kuandika ni kazi ya jioni mbili.

Utaijuaje saizi ya mtaa? Kwa kuuliza watu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miongoni mwao Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba, walifanya kazi na wanakijiji wa Malya, mkoani Mwanza. Hawakwenda na mchezo ulioandikwa. Walikaa na watu, wakasikiliza matatizo yao, wakayachambua pamoja, ndipo ngoma na maigizo yakatengenezwa na wenyeji wenyewe, na baada ya onyesho watu wakabaki kujadiliana. Njia hiyo bado ni bora kuliko dodoso lolote. Kwa mradi wa mtaani inatosha uzunguke siku kadhaa: kijiwe cha bodaboda, kwa mamantilie, msikitini na kanisani, kwa mwalimu mkuu, kwa mjumbe. Uliza wanakosa nini na nani tayari anafanya sanaa hapo. Karibu kila mtaa una mpiga ngoma, fundi wa kuchora mabango, bibi anayejua nyimbo ambazo hazijarekodiwa popote, na kijana anayetengeneza muziki wa singeli kwenye kompyuta ya kuazima. Singeli yenyewe imekulia hivyo, Manzese, Tandale na Mburahati, kwenye vyumba vidogo, kabla haijavuka mipaka. Ombi linalowataja watu wa namna hiyo na kueleza watafanya nini lina uzito kuliko ukurasa mzima juu ya umuhimu wa utamaduni.

Sasa bajeti. Hapa ndipo naomba utumie muda mwingi kuliko sehemu nyingine yoyote, kwa sababu msomaji mzoefu huanza na bajeti halafu ndiyo anarudi kwenye maelezo. Usikisie bei. Nenda Kariakoo, ingia madukani, omba profoma, yaani karatasi ya duka inayoonyesha bei kabla hujanunua, andika bei ya siku ile. Ndoo ya rangi ya nje na ndoo ya rangi ya ndani hazina bei moja, na ya ndani ukiipaka ukuta wa barabarani itababuka mapema. Wala usidhani kitu cha bei ghali ndicho kinachoonyesha umakini. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya vipande vya ubao wa kujengea, na mtindo wake unabeba jina lake hadi leo. Andika unachohitaji, na useme kwa nini.

Malipo ya wasanii yaweke juu kabisa ya bajeti. Nasema hili kwa uchungu, kwa kuwa nimeona bajeti nyingi zenye fulana, mabango na chakula cha wageni waalikwa, halafu mpiga ngoma aliyefanya mazoezi mwezi mzima anapewa nauli. Msanii wa mtaani ana kodi ya nyumba na ada za watoto kama fundi mwingine. Andika "malipo ya msanii", idadi ya siku na kiwango kwa siku, na kiwango hicho mkubaliane naye kabla ya kuomba. Usikiite posho. Muulize mfadhili mapema pia kama kodi ya zuio inakatwa kwenye malipo hayo, ili msanii asishangae akipokea pungufu.

Kuna vitu vidogo ambavyo karibu kila anayeanza huvisahau, na ndivyo vinavyomaliza hela: kirikuu ya kubeba vifaa kwenda na kurudi, makato ya benki na ya miamala ya simu, maji ya kunywa, mlinzi wa usiku wa vifaa, mafuta ya jenereta umeme ukikatika. Vipe mstari wake kila kimoja. Fungu la "mengineyo" lenye laki tano humtia msomaji wasiwasi, lakini laki tano hiyo hiyo ikichanganuliwa hakuna anayeiuliza. Kama mtaa unachangia kitu, mfano ukumbi wa bure au viti kutoka chama cha kufa na kuzikana, kiandike kwa thamani yake kama mchango wa wenyeji.

Vifaa vya kudumu, kama spika, kamera au kompyuta, vina swali lake: vitabaki kwa nani mradi ukiisha? Jibu kabla hujaulizwa. Taja mahali vitakapotunzwa, nani ana ufunguo na nani ataruhusiwa kuvitumia.

Kalenda nayo ni sehemu ya bajeti, ingawa wengi hawaioni hivyo. Masika ya Dar es Salaam huanza Machi hadi Mei, vuli ni kuanzia Oktoba hadi Desemba. Mchoro wa ukutani uliopangwa Aprili utakula hela ya turubai na siku za kukaa bure. Angalia Ramadhani inaangukia lini, mitihani ya shule ni lini, na saa za swala kama eneo lako liko karibu na msikiti. Kisha weka tarehe ya akiba. Msiba ukitokea nyumba ya tatu kutoka jukwaani, muziki unazimwa na mnakwenda kuhani. Mfadhili wa nje pengine hajui hilo, kwa hiyo liandike kwenye mpango: onyesho tarehe fulani, likiahirishwa kwa msiba au mvua litafanyika tarehe fulani. Maandishi hayo yanaonyesha kwamba unaishi unapopazungumzia.

Vibali vianze mapema. Barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa na ya mtendaji inafungua milango mingine yote: kata, afisa utamaduni wa manispaa, polisi kama kuna mkusanyiko. Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, lililoundwa kwa sheria ya 1984, ndilo linalosajili shughuli za sanaa, kwa hiyo uliza mapema kikundi chako kinahitaji nini kwao. Kwa mchoro wa ukutani pata ridhaa ya maandishi ya mwenye ukuta. Mpangaji hana mamlaka ya kuitoa, hata kama ndiye mwenye duka hapo. Uliza pia kama ukuta upo ndani ya hifadhi ya barabara, maana barabara ikipanuliwa kazi yote inabomolewa.

Kama kikundi hakina usajili, hujafungiwa njia. Wafadhili wengine huruhusu upite kwa shirika mwenyeji lenye akaunti na hesabu zinazokaguliwa. Ukifanya hivyo, andikianeni mkataba: mwenyeji anakata asilimia ngapi, hela inafika kwenu siku ngapi baada ya kuingia kwake, nani anaandika ripoti. Vikundi vingi vilivyogombana na wenyeji wao viligombana juu ya mambo hayo matatu. Lakini huku mkipitia kwa mwenyeji, endeleeni na yenu: katiba ya kikundi, mihtasari ya vikao, akaunti yenye watia saini zaidi ya mmoja. Afisa maendeleo ya jamii wa kata atawaelekeza namna ya kusajili, na huduma hiyo ni haki yenu.

Hela ikiingia, kila siku ya matumizi iwe na karatasi yake. Dukani dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kielektroniki, na siku hiyo hiyo ipige picha, kwa sababu wino wake hufifia na baada ya miezi michache unabaki na karatasi nyeupe ambayo mkaguzi hawezi kuisoma. Mamantilie na dereva wa kirikuu hawana mashine hiyo; kwao tumia hati ya malipo yenye jina, namba ya simu, kazi aliyofanya, kiasi na saini. Zitengeneze hati hizo kabla mradi haujaanza, uwe nazo kwenye begi. Mahudhurio yaandikwe siku ile ile, na picha za watoto zipigwe baada ya wazazi kuridhia kwa maandishi.

Bei ikipanda au mpango ukibadilika, mwandikie mfadhili kabla ya kuhamisha hela kutoka fungu moja kwenda jingine. Ujumbe mfupi unatosha: tulipanga hiki, kimetokea hiki, tunaomba tufanye hivi. Nimeona wafadhili wakikubali mabadiliko ya kila aina yaliyoombwa mapema, na nimewaona wakidai hela irudishwe kwa badiliko dogo walilolikuta kwenye ripoti. Kwenye ripoti, kama walikuja watu arobaini, andika arobaini. Eleza walikuwa akina nani, walikaa hadi mwisho au la, walisema nini. Watoto kumi na wawili waliomaliza mafunzo yote ni matokeo mazuri ya ruzuku ndogo, na anayesoma ripoti nyingi anajua hivyo.

Ukinyimwa, na wengi hunyimwa mara ya kwanza kwa kuwa waombaji ni wengi kuliko fungu, andika barua ya shukrani na uombe maoni. Si wote watajibu. Wakijibu, yachukue maoni hayo hadi kwenye kikao cha kikundi, myasome kwa sauti, mjadili. Halafu chagueni kipande kimoja cha mradi kinachowezekana kwa michango yenu: darasa moja la Jumamosi, ukuta mmoja mfupi, onyesho moja bila jukwaa la kukodi. Fanyeni, pigeni picha, andikeni waliohudhuria na gharama iliyotumika. Mwito unaofuata ukitoka, ambatisha hayo yote, rudi Kariakoo ukachukue profoma mpya, na umwombe mwenyekiti wa mtaa barua yenye tarehe ya mwaka huo.