Kifaranga Aliyewahi Kutoka

Yai la kuku lina siku 21. Ukifungua mashine ya kutotolesha siku ya 19 ukakuta kifaranga yuko nje ya ganda, kitovu hakijafunga na kipande cha kiini kinaning'inia tumboni, mkono utakuwasha kufanya mambo matatu kwa mpigo: kummalizia kumvuta, kumpa maji, na kumpeleka bruda, yaani chumba cha joto cha kulelea vifaranga, kwa wenzake. Usifanye hata moja. Nawaandikia nyie mnaoanza kutotolesha huku Mafinga, Njombe, Uyole na Tukuyu, maana mwinuko na baridi yetu vina mambo yake ambayo karatasi ya maelekezo ya mashine haiyasemi.

Siku za mwisho kifaranga hutoboa utando kwa ndani, akaanza kuvuta hewa iliyo upande butu wa yai. Baadaye hudonoa ganda, halafu anatulia. Huo utulivu unaweza kufika saa 12, hata 24, na ndio unaowatoa jasho wageni. Wanaona amechoka, wanaanza kummenya. Kumbe ndipo anapoingiza kiini tumboni na kurudisha mwilini damu ya mishipa ya utando. (Hata chatu mchanga akishapasua yai hukaa humo humo siku nzima au zaidi, kichwa tu kiko nje, mpaka kiini kiishe. Hakuna anayekwenda kumvuta, kwa sababu tunazozijua.) Kama tayari umemenya na umeona mishipa myekundu, acha hapo hapo, lowesha utando kwa maji ya uvuguvugu, rudisha yai, funga mlango.

Aliyekwisha kutoka na kiini nje usimkate, usimvute, wala usikisukumize ndani kwa kidole. Nawa mikono kwanza. Chukua bakuli dogo, tandika kitambaa safi cha pamba kilicholoweshwa kidogo maji ya uvuguvugu, kisha kizungushe kiwe kama kata ya kubebea ndoo, kifaranga akae katikati bila kuburuta tumbo. Gusa kitovu kwa pamba yenye iodini, mara moja, basi. Bakuli lirudi ndani ya mashine, kwenye joto na unyevu. Kazi ya bakuli ni kumtenga: wenzake wakiona kitu kinaning'inia hukidonoa, na kiini kikipasuka huyo hana siku nyingi.

Chakula kisikuumize kichwa. Kiini kilichoingia tumboni humtosha siku mbili hadi tatu. Akianza kuinua kichwa mwenyewe, chovya ncha ya kidole kwenye maji yenye glukosi kidogo, gusisha ncha ya mdomo, ameze mwenyewe. Wanaomfungua mdomo na kumimina kwa bomba la sindano huyapeleka maji kwenye mapafu. Stata, yaani chakula cha kuanzia cha vifaranga, aione akishasimama. Na msikimbilie duka la dawa za mifugo kununua antibayotiki ya kila kifaranga dhaifu. Kitovu chekundu kilichovimba, tumbo linalonuka, hayo ni maambukizi, muite mtaalamu wa mifugo wa kata. Udhaifu mtupu hautibiwi kwa unga wa pakiti.

Akiwa mmoja, ni bahati mbaya. Wakiwa nusu ya trei, mashine yako ina joto la ziada. Yenye feni inatakiwa nyuzi 37.5, joto likizidi kwa siku nyingi vifaranga huwahi, huwa wadogo, na vitovu havifungi. Huku kwetu kosa hilo lina mlango ambao watu wa Dar hawana. Fundi atakwambia upime kipimajoto kwenye maji yanayochemka, kisome 100. Mbeya mjini, kwenye mita kama 1,700, maji huchemka karibu nyuzi 94. Kipimajoto kizima kitasoma 94, wewe utadhani kinapunguza, utaongeza joto, na siku ya 19 utaona matokeo. Pima hivi: maji ya uvuguvugu kwenye kikombe, kipimajoto cha homa na kile cha mashine pamoja, kwenye nyuzi 38 hivi. Vikilingana, umemaliza. Umeme ukikatika nao, funika mashine kwa blanketi, acha kufungua, na ukirudi usipandishe joto ili "kufidia". Saa zilizopotea hazirudishwi kwa moto.

Mwinuko huo huo hukausha mayai, kwa kuwa hewa nyepesi huruhusu maji kutoka haraka kupitia ganda. Yai la gramu 60 likifika siku ya 18 liwe na gramu kama 53. Likiwa 50, ongeza maji kwenye sinia mapema. Utando uliokauka humnata kifaranga manyoya, nawe unaingia kishawishi cha kummenya.

Kuhusu bruda ya Juni na Julai. Wiki ya kwanza nyuzi 32 hadi 35 usawa wa mgongo wa kifaranga, si usawa wa taa. Aliyewahi kutoka mpe upande wenye joto zaidi, peke yake au na mwenzake mmoja mpole. Tandika taulo kuukuu; gazeti linateleza na miguu hupanuka. Ikishapanuka, ifunge pamoja kwa kipande cha plasta, ukiacha nafasi ya sentimita mbili au tatu katikati, siku mbili tatu. Baadaye weka maranda, na Mafinga hayakosekani, ila yawe maranda kweli, si unga wa msumeno ambao vifaranga hula wakidhani ni chakula. Mnaotumia jiko la mkaa, acheni tundu la hewa juu. Mkaa ulioiva hauna moshi lakini hewa yake inaua, vifaranga na mwenye vifaranga.

Mteja akija na boksi lake, waliowahi wasiingie humo. Mwache kila mmoja atimize wiki, kitovu kikauke, ale mwenyewe, ndipo umhesabu kwenye oda.