Migebuka ya mchana na vidonge vya mama

Mei 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi hadi katikati ya Agosti, nyumbani kwetu Katubuka tulinung'unika kama Kigoma nzima. Samaki akawa wa kuulizia bei na kuondoka. Mchana tukala viazi vitamu kwa matembele. Maharage yakawa ya jioni, maana yanamaliza mkaa.

Wiki ya pili, saa nane mchana, mama akainuka mwenyewe mkekani, akaenda kuanua nguo. Mwaka mzima kabla ya hapo, saa hizo alikuwa amekakamaa kama gogo, hata kifungo cha gauni hawezi kufunga, nasi tukasema dawa imeshamzoea. Kumbe ilikuwa inagombania njia na samaki.

Mama ana ugonjwa wa Parkinson. Huku unaitwa wa kutetemeka, na jina hilo ndilo lililotupoteza: macho yote kwenye mkono, hakuna anayeuliza habari za tumbo. Lakini kidonge cha levodopa, dawa anayotumia mama, hakina msaada wowote mpaka kivuke ukuta wa utumbo mwembamba, kiingie kwenye damu, kifike kwenye ubongo. Protini ya samaki, nyama au maharage ikishasagwa tumboni hupita kwenye milango ileile. Isitoshe, kwa wagonjwa hawa tumbo mara nyingi humwaga chakula taratibu. Kidonge kilichomezwa juu ya ugali wa muhogo na migebuka minne kitatoka saa ngapi?

Daktari alitupangia hivi: kidonge nusu saa kabla ya kula, au walau saa moja baada ya kula, na vyakula vizito vya protini vihamie jioni. Alitukanya tusiviondoe kabisa, kwa sababu ugonjwa wenyewe unakondesha. Vidonge vya kuongeza damu navyo tunavipa saa zake mbali na levodopa, kwa kuwa madini ya chuma yanaizuia isifyonzwe vizuri.

Sasa habari ya choo, ambayo watoto wengi tunaona haya kuwauliza wazazi. Mama alianza kukosa choo miaka mingi kabla ya mkono kucheza. Tukasema ni uzee, tukasema ni muhogo. James Parkinson, yule daktari wa London aliyeueleza ugonjwa huu mwaka 1817, aligusia uzito wa matumbo ya wagonjwa wake. Utumbo una neva zake unazotumia kusukuma chakula, na ndani ya neva hizo huganda protini iitwayo alfa-sinukleini, ileile inayoganda kwenye ubongo. Mwaka 2003 Mjerumani Heiko Braak na wenzake walitoa wazo kwamba huenda mwanzo wa ugonjwa uko tumboni, kisha unapanda ubongoni kwa neva ya vagasi, ile inayounganisha tumbo na ubongo. Wataalamu bado wanabishana, na usianze kumshuku kila anayefunga choo. Wengi wetu ni maji tu hatunywi.

Ukuta wenyewe wa utumbo nao una mambo. Aliyewahi kuwatazama mafundi wa boti Kibirizi ataelewa upesi: mbao zinabanana, katikati inashindiliwa pamba isipitishe maji. Seli za utumbo zimebanana hivyohivyo, na juu yake kuna ute unaowaweka mbali vijidudu. Kwa baadhi ya wagonjwa wa Parkinson waliopimwa, maungio hayo yamekutwa yamelegea, ukuta unapitisha visivyotakiwa na kuvimba kwa ndani kwa ndani. Ndiyo maana jirani alipokuja na mizizi ya kumpigia mama bomba, nilimshukuru, nikaifungia kabatini. Ukuta uliolegea hausuguliwi.

Tunachofanya ni cha kawaida sana. Maji kidogo kidogo kutwa nzima, papai, kutembea hadi kwa shangazi na kurudi, na dawa ya maji ya kulainisha choo aliyoandikiwa. Siku tumbo likijaa na kuuma, akatapika, hapati choo wala upepo, au choo kikiwa na damu, hatungoji asubuhi.

Kuna kosa moja linaniuma hadi leo. Mama alisumbuliwa na kichefuchefu, nikakimbilia duka la dawa, nikauziwa metoklopramidi bila kuulizwa mgonjwa ana nini. Nami sikusema. Dawa hiyo huzuia dopamini, kemikali ya ubongo inayosaidia mwili kusogea, kitu kilekile ambacho levodopa inahangaika kukirudisha. Alikakamaa vibaya, hata mate yakawa yanamshinda kumeza. Siku hizi nikifika dirishani naanza na jina la ugonjwa, ndipo nataja shida. Levodopa yenyewe usiikatishe ghafla hata siku tumbo limechafuka; mpigie daktari kwanza.

Ziwa lilipofunguliwa, mama alidai samaki wake wa mchana siku ileile. Tulivutana karibu wiki. Sasa anamla saa mbili usiku, na kweli usiku huo kujigeuza kitandani kunamwia vigumu kidogo, lakini mchana wake anao. Bado ananiambia, "Mwanangu, samaki wa usiku hana utamu wa samaki wa mchana." Hapo sina la kumjibu.